Mwaka wa kwanza kampasi: saa za kula, pesa za HELB na akili iliyochoka

Mwanafunzi aliyesoma shule ya bweni hufika chuo kikuu akiwa amelishwa kwa kengele miaka minne. Uji alfajiri, chai saa nne, githeri saa saba, ugali jioni kabla ya prepu. Chakula chenyewe hakikuwa cha kusifiwa, na wengi waliapa hawatagusa githeri tena maishani. Lakini kilikuja. Kampasi hakuna anayempigia mtu kengele, na baada ya wiki chache utamkuta kijana amekula mara moja tu tangu jana, tena saa tatu usiku: chapo mbili na soda.

Watu wakizungumzia lishe ya wanafunzi huanza kwa kuilaumu smocha, ile soseji ya smoki iliyofungwa kwenye chapati. Mimi naanza na saa. Kwa mwanafunzi mgeni hapa Nairobi, kinachoharibika kwanza ni mpangilio wa milo, na aina ya chakula hufuata baadaye. Kisha huja hasira za bure, usingizi mbovu, moyo kwenda mbio katikati ya somo, na kusoma ukurasa mmoja mara tatu bila kushika kitu. Huko Marekani hofu kubwa ni mwanafunzi mgeni kunenepa. Hapa kwetu wa kumhofia zaidi ni yule anayeruka milo na kusema kwamba amezoea.

Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati yote, na hauna ghala kubwa la kujiwekea akiba. Ukikaa saa nyingi bila kula, mwili haukubali sukari ya damu ishuke tu. Ini hutoa akiba yake, na homoni zinazoliamuru litoe ni pamoja na adrenalini na kotisoli. Hizo ndizo homoni za mtu aliyeshtuka. Mikono hutetemeka, jasho jembamba hutoka, moyo hupiga kwa nguvu, mawazo hukimbia. Mwanafunzi aliyekunywa chai ya sukari na andazi moja saa moja asubuhi, kisha akaingia darasani hadi saa saba, anaweza kuyapata hayo yote saa tano na kudhani ana ugonjwa wa wasiwasi. Huenda anao. Lakini kabla ya kujipa jina hilo, apime kwanza kama hali hiyo humjia pia siku alizokula asubuhi chakula cha maana.

Mtu ataniuliza: mbona wanaofunga Ramadhani hawachanganyikiwi? Kwa sababu kufunga kuna ratiba. Aliyefunga anajua ataamka kula daku, anajua futari ni saa ngapi na mara nyingi anajua atafuturu na nani. Anayeruka milo kwa sababu ya foleni ya mesi, msongamano wa Thika Road au mfuko mtupu hajui chochote kati ya hayo, na mwili wake pia haujui.

Jinsi njaa ya muda mrefu inavyogeuza tabia si jambo la kukisia. Kati ya 1944 na 1945, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliwapunguzia chakula wanaume 36 wenye afya njema, wakala takribani nusu ya walichozoea kwa wiki 24. Waliingia wakiwa wachangamfu. Baada ya miezi kadhaa wengi walikuwa wenye huzuni, wepesi wa kukasirika, wanaojitenga na wenzao, na mazungumzo yao yote ni chakula. Mwanafunzi wa Kahawa Wendani, mtaa wa wanafunzi hapa Nairobi, hashindi na chakula kidogo kiasi hicho kwa miezi sita mfululizo, lakini njia ni ileile, hata kama yeye anaikanyaga kwa hatua fupi.

Kurekebisha chakula nako kumepimwa. Australia, jaribio liitwalo SMILES lililoongozwa na Felice Jacka, ambalo matokeo yake yalitoka 2017, liliwachukua watu wazima 67 wenye mfadhaiko mkubwa. Kundi moja lilisaidiwa kubadilisha chakula: mboga, matunda, jamii ya kunde, samaki, nafaka zisizokobolewa, mafuta ya zeituni. Kundi la pili lilipewa mtu wa kuzungumza naye tu. Baada ya wiki 12, asilimia 32 ya kundi la chakula hawakuwa tena na dalili za kutosha kuitwa wagonjwa, dhidi ya asilimia 8 ya kundi la pili. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Macquarie, Sydney, walijaribu jambo kama hilo kwa vijana 76 wenye dalili za mfadhaiko waliokuwa wakila vibaya, na baada ya wiki tatu tu dalili za waliobadilisha chakula zilikuwa zimepungua. Majaribio haya ni madogo, na katika majaribio ya chakula mshiriki anajua anakula nini, kwa hiyo matumaini yake peke yake yanaweza kuchangia. Pia wengi katika lile la kwanza waliendelea na dawa zao. Nachukua moja tu hapo: chakula kinaweza kuwa sehemu ya matibabu. Anayekuambia kinatosha peke yake anakuuzia kitu.

Pesa

Pesa za kujikimu, ziwe za HELB (mkopo wa serikali kwa wanafunzi) au za mzazi, huja kwa mkupuo, na hapo ndipo ratiba huvunjika. Wiki mbili za kwanza ni kuku wa kukaanga kila jioni, wiki ya saba ni chai kavu na mkate, na katikati kuna deni la kibanda. Mwili hauchukui wastani wa muhula. Unahesabu siku kwa siku. Tena wiki za njaa huangukia msimu wa CAT, yaani mitihani midogo ya katikati ya muhula, ambapo akili inahitajika zaidi.

Dawa yake ni kununua chakula kikavu cha mwezi siku ileile pesa zinapoingia, kabla ya viatu. Kwa mtu mmoja anayejipikia: unga wa ugali kilo 6, mchele kilo 3, maharagwe kilo 2, ndengu kilo 1, unga wa uji kilo 2, njugu karanga kilo 1, omena nusu kilo, trei moja ya mayai, mafuta lita 1, sukari kilo 1 na chumvi. Ukigawanya kwa siku 30 unapata takribani kalori 2,300 na protini gramu 70 hivi kwa siku, kabla hujaongeza mboga, matunda na maziwa. Kijana mrefu anayecheza mpira atahitaji zaidi, na msichana mdogo wa umbo atabakisha. Siandiki bei kwa sababu unga na mafuta hubadilika bei kabla mwezi haujaisha. Nafaka tafuta maduka ya Nyamakima, mboga Marikiti au Muthurwa, na uende na mwenzako mgawane gunia dogo.

Kwenye unga usikimbilie rahisi tu. Tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi na wa ngano wa pakiti uongezwe madini ya chuma, zinki na vitamini za kundi B. Unga wa kusagisha kwenye kinu cha posho hauna nyongeza hizo. Ukiwa na mboga, kunde na omena za kutosha si tatizo. Ukiwa unaishi kwa ugali na supu, tofauti hiyo ni kubwa.

Yanayoharibika: maharagwe hushikwa na wadudu yakikaa kwenye mfuko wa karatasi chini ya kitanda, kwa hiyo tumia ndoo yenye kifuniko kinachobana. Kabla ya kununua, angalia kama yana vitundu na kama ngozi imekunjamana. Maharagwe yaliyokaa ghalani muda mrefu penye joto huwa hayaivi hata ukimaliza mtungi wa gesi.

Sufuria ya maharagwe

Nusu kilo inatosha milo sita, kila mlo ukiwa na protini gramu 18 hivi. Chagua mawe, osha, loweka usiku kucha kwenye maji lita moja na nusu, saa nane hadi kumi. Asubuhi mwaga maji hayo. Weka maji mapya yapite juu ya maharagwe kwa vidole vitatu, yachemke kwa nguvu angalau dakika kumi, ndipo upunguze moto na kuacha yaive saa moja hadi moja na nusu. Zile dakika kumi usizipunguze. Maharagwe mekundu mabichi yana sumu ya lektini inayoleta kutapika na kuhara, na moto mdogo usiofikia kuchemka hauiui. Ndiyo maana ule ujanja wa kuyatia kwenye chupa ya chai na maji moto yajipike yenyewe usiku si wa kufuatwa.

Usitie nyanya mapema. Asidi yake huzuia maharagwe kulainika. Magadi huyalainisha upesi, na vibanda vingi huitumia, lakini huharibu vitamini B1, ambayo upungufu wake wenyewe huleta uchovu na hasira. Kuloweka kunafanya kazi hiyohiyo bure.

Bila friji, yaweke yakiwa yamechemshwa tu, bila kitunguu wala nyanya. Chota ya mlo mmoja ukaange, na yaliyobaki uyachemshe hadi yatokote asubuhi na jioni, kisha uyafunike. Siku ya tatu yamalize. Yakianza kutoa povu au harufu ya uchachu, mwaga, usijaribu kuyaokoa kwa viungo. Wali ni mkorofi zaidi: bakteria wake huacha sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi, kwa hiyo pika wa kula siku hiyo.

Ndengu ni rahisi kuliko maharagwe. Hazidai kulowekwa na huiva kwa dakika 40 hivi. Omena nazo zina mafuta ya omega-3, kalsiamu na chuma. Loweka kiganja kimoja cha kushiba kwenye maji moto dakika chache, suuza mara mbili hadi mchanga uishe, zikaushe kwenye sufuria kavu, ndipo utie mafuta, kitunguu na nyanya. Uchungu unaolalamikiwa mara nyingi unatokana na kuruka hatua ya kusuuza. Jirani wa hosteli atalalamika kuhusu harufu. Fungua dirisha, umkaribishe.

Asubuhi, uji. Vijiko vikubwa vinne vya unga, vikorogwe kwanza kwa maji baridi ili visifanye madonge, halafu kwenye maji ya moto, jumla nusu lita, vichemke dakika kumi hadi kumi na tano. Malizia kwa glasi ya maziwa na kijiko kikubwa cha siagi ya njugu. Hapo una kalori kama 350 zinazofika saa tano bila mikono kutetemeka. Anayetoka Rongai au Githurai alfajiri autie kwenye flaski iliyotangulizwa maji ya moto dakika tano.

Hosteli nyingi haziruhusu koili chumbani, na sababu ya moto ni ya kweli. Ukiwa huko, mlo mkuu uwe wa mchana kwenye mesi, na chumbani weka visivyopikwa: ndizi, parachichi, njugu, mkate wa brauni, maziwa ya pakiti yanayokaa bila friji hadi yafunguliwe. Mayai boilo yapo kila kona. Kwenye kibanda, badala ya chapo mbili na madondo (maharagwe), agiza chapo moja, madondo na sukuma, bei hukaribiana. Smocha si sumu. Ubaya wake ni kwamba ikiwa ndiyo mchana wako siku tano kwa wiki, mboga yako yote ya wiki ni ile kachumbari ya kijiko kimoja.

Chai na damu

Upungufu wa damu hufanana sana na mfadhaiko: uchovu usioisha, kukosa hamu, kizunguzungu, kushindwa kumakinika, kuhema ukipanda ngazi za maktaba. Wasichana wako hatarini zaidi, kwani mwanamke wa umri huo huhitaji kama miligramu 18 za chuma kwa siku na mwanamume 8. Na sisi tuna tabia moja inayozidisha tatizo: chai pamoja na chakula. Tanini za majani ya chai hushika chuma cha maharagwe na mboga kabla hakijaingia mwilini. Isogeze chai, inywe saa moja baada ya kula. Mahali pake weka chungwa, au kamulia ndimu kwenye sukuma au managu, maana vitamini C husaidia chuma kufyonzwa.

Usimeze vidonge vya chuma kwa kukisia. Kipimo cha hemoglobini hufanywa kwenye zahanati ya chuo. Chini ya gramu 12 kwa desilita kwa mwanamke asiye mjamzito, au 13 kwa mwanamume, ni upungufu, na Shirika la Afya Duniani hupandisha kidogo viwango hivyo kwa wanaoishi kwenye miinuko, nasi Nairobi tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari. Kwa hiyo 12.1 usiishangilie, muulize daktari.

Kafeini na wenzake

Kinywaji cha kuongeza nguvu cha mililita 500 huwa na kafeini kama miligramu 160. Nusu yake huondoka mwilini kwa takribani saa tano, ingawa watu hutofautiana. Ukikinywa saa kumi jioni, saa tatu usiku umebaki na 80, na saa nane usiku bado una 40, sawa na kikombe cha chai. Utalala, lakini usingizi mwepesi, na asubuhi utahitaji kingine. Soda ya ujazo huo ina sukari gramu 50 na zaidi, yaani vijiko zaidi ya kumi. Sheria inayofaa ni moja: kafeini ikome saa nane mchana, na kama ulikuwa unakunywa nyingi, punguza kwa siku kadhaa, usikate ghafla, maana kichwa kitauma na utadhani ni malaria.

Miraa na muguka hufanya mambo mawili mabaya kwa pamoja: huondoa njaa na huondoa usingizi. Siku ya pili hali ya moyo hushuka, na mtu hutafuna tena ili aipandishe. Anayetafuna kila wikendi na analalamika kuhusu huzuni ya Jumatatu, jibu analo.

Sufuria ya pamoja

Kijana wa Lamu aliyezoea mahamri na mbaazi, wa Kisumu aliyezoea samaki mzima na wa Lodwar hukutana kwenye meza moja ya chapo madondo, na kila mmoja amepoteza zaidi ya ladha. Amepoteza watu wa kula nao. Kula peke yako kitandani ukitazama simu ni njia rahisi ya kutokula kabisa, kwa kuwa hakuna anayejua kama umekula.

Watu watatu au wanne wenye mtungi mmoja wa gesi wa kilo 6 wanaweza kupika jioni kwa zamu. Wanne ndio kikomo. Wakifika sita, kila mmoja hudhani mwingine amenunua vitunguu. Changizaneni vitu, si pesa: huyu unga, huyu maharagwe, huyu mafuta na mboga. Pesa taslimu ndiyo huvunja vikundi hivi, kwa sababu mmoja atachelewa na hataweza kusema. Wekeni saa, mathalani saa moja na nusu jioni, na asiyekuja aachiwe sahani. Faida ambayo haiandikwi kwenye jedwali la lishe ni kwamba sahani ikikaa siku mbili bila kuguswa, kuna mtu atakayekwenda kubisha mlango.

Chakula kikishindwa

Kwa wiki mbili andika mambo matatu kwenye daftari: saa ulizokula, saa ulizolala, na hali ya moyo kutoka 0 hadi 10. Usihesabu kalori. Kuna wanaoanza kuhesabu na hawawezi kuacha, na mwenzako akianza kujificha wakati wa kula, kujitapisha au kuona fahari ya kukonda, huyo hahitaji mapishi yangu, anahitaji mtaalamu.

Kama umekula kwa saa zake wiki mbili na bado alama zako ni 2 na 3, unaamka saa kumi alfajiri hulali tena, na yaliyokufurahisha hayana ladha, tatizo si maharagwe. Mfadhaiko wenyewe hukata hamu ya kula, kwa hiyo kujilazimisha kula vizuri ili upone kunaweza kuwa kumwambia aliyevunjika mguu akimbie. Peleka lile daftari kwa mshauri nasaha wa chuo. Kumpata, anzia ofisi ya mkuu wa masuala ya wanafunzi au zahanati. Litamwokolea nusu saa ya maswali.

Mawazo ya kufa hayasubiri wiki mbili. Simu ya bure ya Msalaba Mwekundu Kenya ni 1199, na Befrienders Kenya wako 0722 178 177. Waliokuwa wakiogopa sheria wajue kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba.

Ukiandikiwa dawa ya mfadhaiko kama fluoxetine, wiki za kwanza inaweza kuleta kichefuchefu na kukuondolea hamu ya chakula. Imeze pamoja na uji asubuhi, kula kidogo mara tano badala ya sahani tatu kubwa, na mwambie daktari kama uzito unashuka. Nafuu huchukua wiki kadhaa kuonekana, kichefuchefu huja siku za mwanzo; wengi huacha dawa hapo katikati, kabla haijapata nafasi ya kufanya kazi.